Kabla ya kumlaumu popo, hesabuni miembe iliyokatwa

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nimjibu msomaji mwenzangu wa Wete aliyeandika kuwa popo wamezidi Pemba, kwamba wanamaliza maembe ya watu, na kwamba dawa yao ni bunduki kama zamani. Namjibu kwa heshima, maana kwa maneno yake naona ni mtu mzima, pengine rika la kaka yangu mkubwa. Lakini barua yake nimeisoma na kuirudia nikitafuta pahala aliposema amewahi kukaa chini ya mti wa popo akawatazama. Sikupaona.

Mimi ni mkulima. Nina mikarafuu niliyorithi kwa marehemu baba yangu upande wa Ole, na pembeni mwa mikarafuu ipo miembe mikongwe, mishelisheli, mishokishoki michache na msufi mmoja mrefu. Matunda nauza soko la Chake Chake, mengine hupanda boti kwenda Unguja. Kwa hiyo mtu akinambia popo anakula matunda, hanipi habari mpya. Anakula, na kwangu anakula. Ninalotaka kusema ni anakula nini, kiasi gani, na kwa nini siku hizi tunamwona mashambani mwetu kuliko alivyokuwa akionekana.

Kwanza namna anavyokula. Popo halimezi embe. Huling'ata akalikamua mdomoni, maji akayanywa na makapi akayatema, kama mtu atafunaye muwa. Asubuhi ukipita chini ya mwembe unayakuta makapi yenyewe, vibonge vidogo vilivyobanwa vikakauka, vingine bado vina alama za meno. Anayetaka kujua popo amekula nini usiku na ayaokote ayafumue kwa kijiti. Mimi nimefanya hivyo misimu mingi, watoto wa jirani wakinicheka. Katika mwezi wa maembe, na miembe yangu imejaa, bado nakuta makapi ya kungu, mbegu za makuyu, zambarau, hata nyuzi za majani yaliyotafunwa. Kungu na kuyu hazina mwenyewe wala hazifiki sokoni. Mahali penye mikungu na mikuyu ya kutosha, popo huanzia huko, shambani mwangu akaja akimalizia.

Pili, analichagua tunda lililoiva. Ana macho makubwa na pua kali. Hawa si wale popo wadogo wa paani wanaojiongoza gizani kwa mwangwi. Embe bichi halimshughulishi. Basi nauliza: embe la biashara tunalichuma lini? Dodo au boribo la kwenda Unguja ukilisubiri liivie mtini, litafika bandari ya Malindi, Unguja, limeshapondeka. Tunalichuma limekomaa lakini gumu, tukalivundika. Linalobaki juu likaiva ni lile ambalo mchumaji hakulifikia, na aghalabu lingeanguka likaliwa na nzi. Sehemu kubwa ya kile kinachoitwa hasara ya popo iko huko juu, kwenye matawi ambayo mwenye shamba amekwisha yakatia tamaa.

Shokishoki ni kesi nyengine, na hapo nampa haki yake ndugu yangu wa Wete. Shokishoki haivundikwi. Lazima iwe nyekundu mtini, na siku ikiwa nyekundu popo naye ameshapata harufu. Nimepata kuamka nikakuta maganda yametapakaa chini, na fedha ya ada ya skuli imekwenda nayo. Mimi hufunika vishada kwa vipande vya magunia, au mti mfupi nikauvika wavu. Wavu wenyewe uvutwe ukazane na uwe wa matundu madogo, kwa sababu ukilegea popo hunasa, akajikata mbawa, na asubuhi unakuwa na mnyama anayeteseka na mti usioweza kuukaribia. Ni kazi. Lakini ni kazi ya wiki chache kwa mwaka, na kuna nyumba zinazokesha zaidi ya hapo kulinda kuku.

Msufi wangu nao una habari yake. Hupukutisha majani, kisha hutoa maua, na maua yale hufunguka usiku, wakati nyuki wamelala. Nani anayafuata? Nimekaa ukumbini nikimulika kwa tochi: ni popo, mmoja baada ya mwengine, anatua akikiinamisha kishada cha maua, anazamisha uso ndani, anaondoka na unga wa manjano kifuani akaupeleke ua jengine. Mbuyu nao ni hivyo hivyo, ua lake ni la usiku. Watu wanaolalia mito ya sufi Pemba hii wanalalia sehemu ya kazi ya popo, na wengi hawana habari. Mbegu nazo hazibaki chini ya mama yao. Kungu aliyoibeba popo akaidondosha njiani ndiyo mkungu unaouona umeota pahala ambapo hapana mtu aliyepanda.

Ndugu yangu ameandika kuwa popo wapo kila mahali duniani, tukiwapunguza hapa hakuna kitakachoharibika. Hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Popo huyu mkubwa, mwenye manyoya ya rangi ya machungwa na mbawa nyeusi ambazo akizikunjua hufika kiasi cha mita moja na nusu, hayupo kila mahali. Hayupo Tanga, hayupo Mombasa, hayupo hata Unguja. Yupo Pemba peke yake. Jamaa zake wa karibu wanaishi Komoro, Madagaska, Shelisheli na kuendelea hadi Asia. Kwa upande wetu huu wamefika Mafia na Pemba, bara la Afrika hawakuingia. Wataalamu walimpa jina la kitaalamu mwaka 1909, Pteropus voeltzkowi, kwa heshima ya mtafiti Mjerumani Alfred Voeltzkow, jina ambalo hakuna Mpemba anayeweza kulitamka bila kutema mate. Sisi tunamwita popo, yanatosha.

Na kisiwa chetu kinaeleza kwa nini tuna vitu vya peke yetu. Mkondo kati ya Unguja na bara ni wa kina kifupi. Zamani bahari ilipokuwa chini, mnyama angeweza kuvuka kwa miguu. Mkondo wa Pemba ni shimo, unafika mita 800 hivi. Aliyekuja hapa ama aliruka, ama alielea, ama aliletwa na mtu. Walioruka wakakaa wakageuka kuwa wa hapa: popo, na pamoja naye ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, bundi mdogo anayeimba sauti moja usiku kucha huko msitu wa Ngezi, na kindege cha manjano chenye duara jeupe kuzunguka jicho ambacho watoto wetu wanakipiga manati bila kujua kuwa hakuna chengine kama hicho nje ya kisiwa.

Nakumbuka zile bunduki anazozitaja. Nilikuwa msichana. Wawindaji walikuja kwa gari, wengine hawakuwa hata watu wa vijiji vyetu, wakisimama chini ya mti mchana popo wamelala. Mtu akipiga risasi moja kwenye mti uliojaa haangushi mmoja. Wengine walianguka wamejeruhiwa, na watoto tukatumwa kuwakusanya. Nyama ile ililiwa, tusijifanye haikuliwa. Kama ilikuwa halali au si halali, mashekhe walikuwa na maneno yao na mimi si mahala pangu. Milio ya bunduki ilipokwisha, mti ulikuwa mtupu, na popo waliobaki hawakurudi pale tena. Mti baada ya mti. Ilipofika mwaka 1989 watafiti waliokuja kuwatafuta waliona wachache mno, na mwaka 1996 popo wa Pemba akaandikwa katika orodha ya dunia ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Kwa nini popo akipunguzwa harudi kwa haraka kama panya? Kwa sababu popo jike huzaa mtoto mmoja kwa mwaka. Mmoja. Humbeba kifuani akiwa mchanga, akaruka naye usiku. Ukimpiga mama umepiga wawili.

Waliomrudisha popo ni watu wa vijiji. Mashirika ya kigeni yalisaidia, sikatai, fedha zilitoka na wataalamu walikuja. Lakini aliyesimama chini ya mti kumwambia mwenye bunduki "hapa hupigi" alikuwa kijana wa kijiji, wakati mwengine akimwambia mjomba wake. Vilabu vya kuwalinda viliundwa, cha Kidike, jirani zetu, kikajulikana zaidi, na wageni wakaanza kuja kutazama kwa kiingilio. Kwenye miaka ya 2000 hesabu ilipofanywa kisiwa kizima walikadiriwa kufika 20,000 hivi, na mwaka 2008 wakashushwa kwenye orodha ile daraja mbili, kutoka hatari kubwa kabisa hadi walio hatarini kwa kiasi. Ni wanyama wachache duniani waliopata nafuu namna hiyo katika umri wa mtu mmoja. Pemba ilifanya jambo, na haijajisifu.

Hesabu yenyewe nimewahi kuishiriki, nami nilidhani ni mchezo. Mnajipanga kuuzunguka msitu wao kabla ya Magharibi, kila mtu na upande wake wa mbingu. Anayepewa upande wa magharibi ana bahati kwa sababu kule mwanga hukawia. Mwanzo anatoka mmoja, anazunguka, anarudi. Halafu watano. Halafu wanatoka kwa mkumbo, na hapo huhesabu mmoja mmoja tena, unahesabu kwa makumi, midomo ikitikisika, na mtu akikusemesha umeharibikiwa. Giza likiingia kila mmoja anataja idadi yake, na hapo ndipo watu wazima huanza kugombana.

Nimetaja kutazama, basi niseme na hili. Mchana hawalali tu. Jua likiwa kali hujipepea kwa bawa moja huku wamening'inia. Hujiramba mbawa. Hugombea tawi kwa makelele ambayo mgeni hudhani ni kuku wameingiliwa. Na popo akitaka haja hafanyi vile mnavyodhani: hujigeuza, akajishika kwa vidole gumba vya mbawa, kichwa juu, akamaliza, akajigeuza tena. Ni msafi kuliko tunavyomsingizia. Hata jina lake limeharibiwa na mambo asiyoyajua. Mwaka 1995 hofu ya popobawa, yule jini anayesemekana kuvamia watu usiku, ilipotanda Pemba na kuvuka hadi Unguja, watu walilala nje mikekani, na kuna waliotazama juu mitini kwa chuki, ilhali yule wa mtini alikuwa akitafuta kungu.

Mwaka 2020 akatajwa tena kwa ajili ya maradhi. Popo kweli wanaweza kubeba maradhi, kama wanyama wengine. Kwa hiyo embe lililong'atwa usimpe mtoto, litupe. Popo aliyeanguka usimshike kwa mkono mtupu, na akikuuma osha kwa sabuni na maji mengi, uende hospitali siku hiyo hiyo. Lakini anayesema tumuwinde ili tusalimike na maradhi amegeuza mambo: mwenye kumshika, kumchuna na kumpika ndiye anayemkaribia kuliko sisi tunaomwacha juu.

Sasa wageni. Sitaji kijiji wala mtu, ila nimeona pahala mgeni amelipa, popo wamelala, na anayemtembeza anapiga makofi na kupiga kelele ili waruke picha ipatikane. Hii ni aibu. Saa saba mchana, jua la utosi, mama ana mtoto kifuani, anarushwa angani bila sababu mara tatu kwa siku kwa kuwa yamekuja magari matatu. Mtoto akianguka hapandi tena. Na popo wakisumbuliwa sana wanahama. Aliyepiga makofi atabaki na mti na kibao cha kiingilio. Mgeni akiambiwa asubiri hadi jioni atawaona wakitoka wenyewe, na pengine atakunywa chai na kununua karafuu akingoja.

Nirudi kwenye swali langu la mwanzo: kwa nini tunawaona mashambani zaidi? Ndugu yangu anasema kwa sababu wamezaana. Ni kweli wamezaana kuliko nilipokuwa msichana. Lakini tazameni upande wa pili. Kati ya nyumbani kwangu na barabara kuu palikuwa na miembe mikubwa, mikungu, mizambarau na mikuyu bondeni. Nikiipita njia hiyo leo naona matofali. Mwembe mkongwe unakatwa kwa mbao, kwa kuni za kuchomea chokaa, kwa kiwanja cha kugawana warithi. Mkuyu unakatwa kwa sababu hauna thamani machoni mwa mtu. Jirani yangu mmoja aliuza mwembe uliokuwa umelaza popo tangu bibi yangu yu hai. Fedha aliyopata haikumaliza hata kuezeka paa, na popo wale wakahamia kwenye mikarafuu yangu, wakavunja matawi machanga kwa uzito wao msimu wa kuchuma. Nilikasirika, na aliyenikasirisha alikuwa na msumeno, hakuwa na mbawa.

Mkarafuu una walinzi wake. Kuukata bila kibali ni kosa, na kila mtu anajua, kwa kuwa karafuu ni fedha ya serikali na yetu. Miti mengine nayo inatakiwa kibali, lakini anayekiandika mara nyingi hajaja kuuona mti. Anaandikiwa idadi na aina, anagonga muhuri. Ombi langu kwa wahusika wa misitu ni dogo wala halihitaji fedha ya mfadhili: kabla ya kibali cha mwembe mkubwa, msufi, mkungu au mkuyu kutolewa, sheha, yaani kiongozi wa shehia, na ofisa wa misitu waje pale jioni moja, Magharibi, wasimame watazame kama kuna wanaotoka. Kama ni mti wanaolala popo, kibali kisitolewe, au kisubiri mpaka wenye watoto wamelea. Na anayekata mti wa matunda apande mikungu miwili mpakani. Mkungu haukawii, na kivuli chake hakina ubishi.

Nyinyi wa magazetini nanyi mna sehemu yenu. Mwaka jana na mwaka huu nimesoma humu habari za popo zikiwa na picha ya popo wa Australia, au ya yule wa paani. Tumeni mpiga picha Kidike, tumeni Makoongwe kule karibu na Mkoani, au njooni Ole, mti haulipishi.

Ndugu yangu wa Wete naye namkaribisha. Aje alasiri, akae ukumbini, nitamwonesha makapi na miti. Akiondoka bado anataka bunduki, basi tutakuwa tumekhitilafiana tukiwa sote tumeona.

Wakati naandika hivi, mwembe mwengine wa upande wa bonde umeshapigwa alama ya rangi nyekundu. Popo wapo juu yake, nimewaona leo. Nimemwendea mwenye mti nikamwomba asubiri. Amesema atafikiri, ila mwenye msumeno ameshapokea arubuni. Ikiwa barua hii itamfikia ofisa wa misitu wa wilaya kabla ya siku hiyo, nitashukuru akija, hata kama ni kwa pikipiki na hata kama amechelewa kidogo baada ya Magharibi, kwa kuwa wa mwisho hutoka wakati tayari ni giza.

Wako,
Mkulima wa karafuu,
Ole, Pemba